Ngara, Biharamulo na Gharama ya Kuchelewa Kuhesabu

Tarehe 13 Machi 2025 Tanzania ilitangaza kwamba mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo umekwisha. Hesabu ya mwisho ilikuwa fupi: wagonjwa 10, vifo 10. Kati ya hao, ni 2 tu waliothibitishwa na maabara. Wanane waliobaki waliandikwa kuwa wagonjwa wenye uwezekano mkubwa, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana, mwanamke mtu mzima, alianza kuumwa tarehe 9 Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani lilipata taarifa za kuaminika tarehe 10 Januari 2025. Uthibitisho ulitangazwa Dodoma tarehe 20 Januari na Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Tangu dalili ya kwanza mpaka tangazo zilipita siku 42, na hoja ya makala haya imo ndani ya siku hizo. Epidemiolojia, yaani elimu ya mwenendo wa magonjwa katika jamii, huokoa watu pale inapohesabu mahali padogo, ikahesabu mapema, ikajua waliougua ni kati ya watu wangapi, na ikawarudishia matokeo wale wale waliohesabiwa. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, takwimu hugeuka kuwa orodha ya misiba.

Mganga anayempokea mgonjwa huuliza mtu huyu anaumwa nini. Mtaalamu wa epidemiolojia huuliza maswali mengine: ni nani wanaougua, wako wapi, walianza lini, na ni wangapi kati ya wangapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kusikia kwamba watu 20 wamekufa hakutoshi mpaka ijulikane kama ni 20 katika kijiji cha watu 500 au katika wilaya nzima, kwa wiki moja au kwa mwaka. Wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, zinafaa sana kulipima jambo hili. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na daraja la Rusumo liko mlangoni mwake. Biharamulo ina njia panda ya Nyakanazi, ambako barabara za Kigoma, Kahama na Rusumo hukutana, na ina machimbo ya dhahabu. Watu wanaokwenda na kurudi katika maeneo haya ni wengi, hospitali ni chache, na makao makuu ya mkoa, Bukoba, yako mbali. Kwa muda wa miaka 40 hivi wilaya hizi zimepitia matukio matatu makubwa ambayo ukiyaweka pamoja yanaonyesha kazi ya kuhesabu ikifaulu, ikitatizwa na ikichelewa.

La kwanza ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kuripotiwa nchini walitoka Kagera mwaka 1983. Maelezo yalizagaa haraka. Wengine walilaumu vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, wengine biashara ya magendo na Uganda, wengine uchawi. Kila maelezo yaliuchukulia mkoa kama kitu kimoja: Kagera ina ugonjwa. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiwemo Japhet Killewo na wenzake, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Umeå cha Uswidi, walifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa upana huo. Badala ya kuwapima waliofika hospitalini, waliugawa mkoa katika kanda nne, moja ya mjini na tatu za vijijini, wakachagua vijiji na kaya kwa bahati nasibu, wakapima damu za watu wazima 2,475 wenye umri wa miaka 15 hadi 54, pamoja na watoto. Kwa mkoa mzima, asilimia 9.6 ya watu wazima walikuwa na VVU. Lakini Bukoba mjini ilikuwa asilimia 24.2. Vijijini Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe 4.5, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4.

Ile 9.6, namba ambayo waziri au mfadhili angeikumbuka, ilikaribia ukweli katika kanda moja tu kati ya nne. Wastani ule ulifunika mji ambako karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi, na ukafunika wilaya mbili ambako virusi vilikuwa havijaingia ila kwa uchache sana. Matokeo hayo yaliyapunguza nguvu pia maelezo mepesi. Kama mtu angesema ugonjwa ni laana ya mkoa, ilimpasa aeleze kwa nini laana hiyo iliishia njiani. Kilichokuwa kinabadilika kutoka Bukoba kwenda kusini ni mtandao wa mji, biashara na mahusiano, na hayo ni mambo ambayo watu wanaweza kuyajua na kuyabadilisha. Miaka iliyofuata ilithibitisha hivyo. Bukoba mjini kiwango kilishuka kutoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Maambukizi mapya yalishuka kwa kasi zaidi, kutoka watu wapatao 47 kwa kila 1,000 kwa mwaka mnamo 1989 hadi takriban 9 mwaka 1996. Namba hii ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu kiwango cha jumla kinaweza kushuka kwa vile tu wagonjwa wanakufa. Kwa kuwa watafiti walifuatilia na maambukizi mapya, tunajua kwamba watu wa Bukoba walibadili maisha yao kweli, tena kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na upande mwingine. Asilimia 0.4 katika sampuli ya mamia kadhaa ya watu ni watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Namba ndogo namna hiyo yataka kurudiwa, maana mtu mmoja zaidi au pungufu huibadilisha sana. Mfululizo wa vipimo unaojulikana zaidi kutoka mkoa huo, ule ulioonyesha kushuka kwa miaka kumi na zaidi, ni wa Bukoba mjini, Muleba na Karagwe. Inaeleweka kwa nini: fedha za utafiti huenda penye wagonjwa wengi. Lakini mahali penye ugonjwa kidogo ndipo penye mengi ya kupoteza, na ndipo ongezeko dogo lingeonekana mapema kama kungekuwa na mtu wa kuliangalia. Tabia hii ya kuyaacha kando maeneo salama imekuwa kasoro ya kudumu ya afya ya jamii Afrika Mashariki. Na wastani nao bado unaweza kuficha hatari: katika malaria, vinasaba vya vimelea vinavyostahimili kwa sehemu dawa ya artemisinini vimeonekana Kagera, hasa Karagwe, karibu na mpaka wa Rwanda, wakati wastani wa taifa ungeonyesha kwamba dawa ziko salama.

Tukio la pili lilikuja ghafla. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi hiyo. Siku mbili tu zilitosha kuwafanya wageni wawazidi wenyeji wa wilaya. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, ikawa kama mji mkubwa usio na bomba wala choo. Katika hali kama hiyo kuna namba moja inayotawala kila uamuzi, nayo ni idadi ya vifo kwa watu 10,000 kwa siku. Ikizidi kifo kimoja, hiyo ni dharura. Namba hiyo hupatikana kwa kazi ya kuchosha: kuhesabu makaburi mapya, kupita kambini kuuliza kaya, kupima mikono ya watoto kwa utepe wa lishe, kuandika kila mgonjwa wa kuhara damu na surua. Kila asubuhi matokeo huamua lori la maji liende wapi na chanjo ianzie wapi.

Miezi miwili na nusu baadaye, Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wengine waliingia Goma, Zaire ya wakati huo. Huko kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi mmoja, na vifo vilifika kati ya 20 na 35 kwa kila 10,000 kwa siku. Benaco haikupatwa na maangamizi ya namna hiyo. Itakuwa si haki kusema kwamba tofauti yote ilitokana na takwimu. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano usiochimbika choo, maji yalikuwa ya ziwa, na kipindupindu kiliwahi kabla ya misaada. Ngara ilikuwa na udongo, barabara, na muda mfupi wa kujipanga. Lakini muda huo ulikuwa na faida kwa sababu kulikuwa na watu waliojua cha kutazama. Benaco inafundisha pia jambo chungu zaidi. Ndani ya kambi walikuwemo viongozi walioandaa na kuongoza mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na waliitumia idadi ya watu kama silaha. Walitaja watu wengi kuliko waliokuwapo ili wapate chakula cha ziada, na walizuia uandikishaji wa haki. Idadi ya watu ikivimbishwa, kiwango cha vifo huonekana kidogo kuliko kilivyo, na mtoto anayekufa kwa njaa katika hema la mnyonge hufichwa na majina ya watu wasiokuwapo. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za wakimbizi hao mwishoni mwa 1994, likikataa kuwa sehemu ya utaratibu uliowapa nguvu wauaji. Kuhesabu watu ni kuamua nani anaonekana, na anayeshika daftari la majina ameshika riziki na uhai wao.

Turudi sasa kwenye zile siku 42 za Biharamulo. Mtu anaweza kupinga hoja yangu tangu mwanzo: Marburg haina dawa iliyoidhinishwa wala chanjo iliyoidhinishwa, kwa hiyo kuhesabu mapema kungesaidia nini? Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Rwanda ilitangaza mlipuko wake tarehe 27 Septemba 2024, ikautangaza umekwisha tarehe 20 Desemba mwaka huo. Maana yake, mgonjwa wa kwanza wa Biharamulo alipoanza kuumwa, Rwanda ilikuwa bado inahesabu siku zake za mwisho za tahadhari. Huko waliugua watu 66 na kufa 15, chini ya robo. Biharamulo walikufa wote. Sina budi kuutazama ulinganisho huu kwa uangalifu, maana wengi wa wagonjwa wa Rwanda walikuwa watumishi wa afya, wenye umri wa kufanya kazi, waliokuwa karibu na hospitali kubwa za Kigali zenye vyumba vya uangalizi maalumu, na walipewa dawa za majaribio. Tena inawezekana kwamba Biharamulo wapo walioumwa kidogo wakapona bila kujulikana, kwa sababu hesabu iliyoanza baada ya vifo hukusanya waliokufa na kuwasahau waliopona. Lakini tahadhari hizo zote zinarudi pale pale. Aliyegunduliwa mapema hupata maji ya mishipani, hupata vipimo, hutengwa na jamaa zake. Wanane wa Biharamulo hawakupata nafasi hata ya kujulikana wanaumwa nini.

Leo nchi nyingi hutumia kipimo rahisi cha kujipima: siku 7 za kugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa, siku 7 za kukamilisha hatua za kwanza. Kwa kipimo hicho Biharamulo ilipitwa kwa wiki kadhaa. Halafu ikaja ile wiki ya mkanganyiko. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitangaza wagonjwa 9 wanaoshukiwa na vifo 8. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Siku chache baadaye mgonjwa mmoja akathibitishwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani humo humo, na kisha Dar es Salaam. Sioni sababu ya kudhani kwamba majibu ya kwanza yalikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa katika maana iliyopewa majibu hayo. Sampuli isiyo na virusi husema tu kwamba mtu yule, siku ile, hakuwa na virusi katika damu iliyochukuliwa. Haisemi lolote juu ya mtu aliyekufa wiki mbili kabla bila kupimwa. Hapo ndipo epidemiolojia inapopaswa kuiongoza maabara. Vifo 8 vya watu wenye homa na dalili zinazofanana, katika wilaya moja na kipindi kimoja, ni ushahidi wa kutosha kuchukua hatua, hata kama kila chupa ya damu iliyopo imerudi safi. Na mara hatua zilipochukuliwa, zilifanya kazi. Watu 281 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, na mgonjwa wa mwisho alikufa tarehe 28 Januari. Ni kazi ya kishujaa ya watumishi ambao wengi wetu hatutayajua majina yao, na nyingi kati ya hatua hizo zingeweza kuanza kabla ya Krismasi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo husemwa kwa sauti ya chini: kutangaza ugonjwa ni kuiumiza nchi. Watalii huahirisha safari, mipaka hukazwa, madereva wa malori hutazamwa kwa hofu, na watu wa Kagera, ambao walishabebeshwa jina la UKIMWI kwa miaka mingi, hubebeshwa jingine. Hasara hizo ni za kweli, na anayezidharau hajaona jinsi unyanyapaa unavyoweza kumnyima mtu kazi au ndoa. Lakini hasara hiyo husababishwa na mlipuko, na kunyamaza huiahirisha tu huku ikiikuza. Bukoba mwaka 2023 ni ushahidi wa karibu. Marburg ilitangazwa huko tarehe 21 Machi, siku chache baada ya watu kuanza kuuzungumzia ugonjwa wa ajabu katika vijiji vyao. Waliugua 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Uchumi wa mkoa haukufa. Kinachoumiza zaidi ni taarifa inayotoka kwa watu wengine kabla ya kutoka kwa serikali, kwa sababu baada ya hapo hata kauli ya kweli hutiliwa shaka.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wananchi wenyewe, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanasema: tumepimwa sana, tumeulizwa sana, tumepata nini? Historia inawapa haki. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa visiwa vya Sese ndani ya Ziwa Viktoria akitibu malale kwa dawa ya Atoxyl, akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Tangu wakati huo damu nyingi ya watu wa ukanda huu imesafiri kwenda maabara za mbali, na majibu yamechapishwa kwa lugha ambayo waliotoa damu hawaisomi. Dawa ya kidonda hiki ni kubadili mwenye hesabu, wala si kuacha kuhesabu. Mtendaji wa kijiji wilayani Biharamulo angepaswa kuwa na karatasi ukutani inayoonyesha watu wangapi walikufa mwezi huu kijijini kwake na wangapi walikufa mwezi kama huu mwaka jana, kama anavyojua mapato ya mnada. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayejua kila nyumba, ndiye mpimaji wa kwanza wa taifa. Ndiye anayesikia kwamba katika ukoo mmoja wamezikwa watatu kwa wiki mbili, kabla ya zahanati yoyote kuandika neno. Kama hana malipo ya uhakika, hana simu yenye salio, na taarifa yake ikitumwa hairudi na jibu, basi mfumo mzima umesimama juu ya mtu aliyesahauliwa.

Tangu mwaka 2008 Tanzania inafundisha wataalamu wake wa epidemiolojia ya uwandani na maabara, na wahitimu wake ndio walioonekana Bukoba na Biharamulo wakifuatilia waliotangamana na wagonjwa. Vituo vya afya hutuma taarifa za magonjwa kila wiki kwa simu. Kwa hiyo haitoshi kusema hatuna uwezo. Kilichopungua ni umbo la uwezo wenyewe: umejazana juu na kupungua chini. Wilaya ya mpakani kama Ngara inahitaji mtaalamu wa kudumu asiyesubiri timu kutoka Dodoma, mwenye fedha kidogo za mafuta ya pikipiki ambazo hazihitaji sahihi tano, na mwenye ruhusa ya kuchukua sampuli za waliofariki kwa heshima na kwa ridhaa ya familia. Inahitaji pia makubaliano ya kazi na wilaya za jirani za Kirehe na Muyinga, ng'ambo ya mipaka, kwa sababu wafanyabiashara wa Rusumo na Kabanga huvuka kila siku na virusi huvuka nao. Madiwani wa halmashauri hizi mbili wanayo mamlaka ya kuanza na bajeti inayokuja, bila kungoja mlipuko mwingine uwape sababu.

Na msomaji aliyeko Nyakahura, Rulenge, Lusahunga au Kabanga anayo sehemu yake, isiyohitaji shahada. Akiona watu wawili au zaidi wa nyumba moja au kazi moja wanaumwa homa kali kwa pamoja, au vifo vinafuatana bila maelezo, asingoje wa nne wala wa tano. Amwambie mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo, au apige namba 199 ya Wizara ya Afya. Simu hiyo hailipiwi.